Kweli au Uongo? Yanayosemwa Kuhusu Meli ya Magurudumu ya Loch Lomond

Mwonyeshe mtu picha ya meli Maid of the Loch bila kumwambia chochote, kisha muulize ilijengwa lini. Wengi watakujibu kwamba ni ya zama za Malkia Victoria, na huwezi kuwalaumu. Ina dohani moja katikati, sitaha za mbao, na kila ubavu umebeba sanduku kubwa la nusu duara lililofunika gurudumu la kupigia maji. Imefungwa kwenye gati la Balloch, ncha ya kusini ya ziwa Loch Lomond huko Uskoti, mwendo mfupi wa treni kutoka Glasgow. Kwa kuwa imekaa gatini muda mrefu, watu wamepata nafasi ya kuitungia hadithi. Baadhi ni za kweli. Nyingine ni za kupambwa tu, na chache ziko kinyume kabisa na yaliyotokea.

"Ni meli ya karne ya 19."

Uongo. Ilishushwa majini tarehe 5 Machi 1953 na ikaanza kubeba abiria Mei mwaka huohuo, siku chache kabla ya Elizabeth II kutawazwa rasmi. Wakati huo dunia ilikuwa imekwisha ingia zama za ndege za jeti. Mei 1952 ndege ya shirika la Uingereza la BOAC, aina ya Comet, ilifungua safari ya kwanza ya abiria kwa jeti, kutoka London hadi Johannesburg, na njiani ilitua Entebbe. Yaani aliyekuwa kando ya Ziwa Victoria alikwisha isikia jeti ikipita juu yake mwaka mzima kabla ya mafundi wa Uskoti kumaliza meli yao ya magurudumu.

Jina hilo la Comet nalo lina kisa chake. Mwaka 1812 Henry Bell aliteremsha kwenye Mto Clyde boti ya mvuke ya magurudumu iliyoitwa Comet, ya kwanza barani Ulaya kubeba abiria kwa nauli na biashara ikasimama. Wako wanaosema ilikuwa ya kwanza duniani. Hapana. Fulton alikuwa amekwisha anza safari za boti yake ya mvuke kwenye Mto Hudson, Marekani, mwaka 1807, na Uskoti kwenyewe boti ya Charlotte Dundas ya William Symington ilikuwa imekwisha vuta matishari mferejini mwaka 1803. Ila ni kutoka Clyde ndipo meli za mvuke zilipofika Loch Lomond, kabla hata muongo huo wa 1810 haujaisha, na tangu hapo ziwa halikukosa meli ya magurudumu hadi Maid ilipostaafu.

Maid ndiyo meli kubwa ya mwisho ya mvuke yenye magurudumu kujengwa Uingereza. Kwa hiyo anayeiita kongwe hajakosea sana kuhusu ufundi. Amekosea kuhusu umri.

"Meli za zamani ni za magurudumu, za kisasa ni za rafadha."

Uongo, na huu ndio unaoshika watu wengi. Chukua Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa na kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Ina umri wa kuwa mama wa Maid. Ukiinama kuangalia chini ya tezi yake hutakuta gurudumu: inasukumwa na rafadha mbili, na ndivyo ilivyokuwa tangu siku ya kwanza.

Huna haja ya kuja Kigoma kupata mfano. Mashariki ya Loch Lomond, ng'ambo ya mlima, kuna ziwa dogo la Loch Katrine, ambalo tangu 1859 linawapelekea watu wa Glasgow maji ya kunywa. Humo imo meli ya mvuke Sir Walter Scott, iliyoanza kazi mwaka 1900. Nayo ni ya rafadha. Basi maziwa mawili majirani, abiria walewale wa matembezi ya siku moja, na lile lenye meli ya 1900 lina rafadha huku lile lenye meli ya 1953 lina magurudumu. Kalenda haina la kutuambia hapo. Swali la kuuliza ni maji yenyewe yakoje, na gati likoje.

"Waliiwekea magurudumu kwa ajili ya urembo."

Uongo. Aliyelipa alikuwa Tume ya Uchukuzi ya Uingereza, iliyokabidhiwa reli za nchi zilipotaifishwa mwaka 1948, na tume ya namna hiyo haina fedha za urembo.

Loch Lomond lina sura mbili. Upande wa kaskazini ni jembamba, limebanwa na milima, na kina chake kinafika karibu mita 190. Upande wa kusini limepanuka, limejaa visiwa, na maji yake ni ya kina kifupi. Balloch iko kusini, na huko ndiko treni ilikowashusha abiria. Meli inayobeba watu mamia kwa mamia na kuanza safari kwenye maji mafupi inataka tumbo pana lisilozama sana. Rafadha hailipendi tumbo la namna hiyo, kwa sababu yenyewe lazima ikae chini kabisa, imezama yote, ndipo ishike maji. Gurudumu hugusa maji ya juu tu.

Zaidi ya hapo, meli hii ilikuwa ya kusimama na kuondoka siku nzima: Balmaha, Rowardennan, Tarbet, Inversnaid, na huko juu kabisa Ardlui. Magati ya mbao, madogo, upepo ukishuka ghafla kutoka mlimani. Magurudumu mawili makubwa yakizungushwa kinyume hushika maji barabara, na meli inasimama katika masafa mafupi. Nahodha wa kazi hiyo alijali breki kuliko mbio.

Huko baharini ndiko gurudumu linakopata taabu. Meli ikilala upande mmoja kwa mawimbi, gurudumu moja linazama mno na la pili linapiga hewa, injini inahangaika, na chombo kinavutwa upande. Tena meli ya safari ndefu huondoka bandarini ikiwa nzito kwa makaa na kufika nyepesi, kwa hiyo kimo cha gurudumu majini hakitulii. Ziwa lina mawimbi, tena Loch Lomond si la kuchezea wakati wa dhoruba, lakini si Atlantiki.

"Mwaka 1845 rafadha ilivuta kamba na gurudumu, ikashinda, ubishi ukaisha."

Nusu kweli. Kuvutana kulikuwepo kweli. Aprili 1845 jeshi la majini la Uingereza lilizifunga tezi kwa tezi meli mbili zinazokaribiana nguvu, Rattler yenye rafadha na Alecto yenye magurudumu, na kila moja ikaenda upande wake. Rattler iliikokota Alecto kinyumenyume kwa mwendo wa zaidi ya noti mbili, huku magurudumu ya mwenzake yakipiga maji bure. Ni picha tamu, na ndiyo maana haitoki kwenye vitabu vya shule.

Kinachoachwa ni kwamba wakubwa wa jeshi walikuwa wamekwisha kata shauri. Majaribio yalikuwa yakiendelea kwa muda na meli nyingine za rafadha zilikuwa zimekwisha agizwa. Ile siku ya kamba ilikuwa maonyesho zaidi kuliko jaribio. Na sababu yao kubwa haikuwa nguvu ya kuvuta. Meli ya vita yenye magurudumu ubavuni hupoteza nafasi ya mizinga palepale inapoihitaji, na gurudumu limekaa wazi kwa risasi. Rafadha na injini yake hujificha chini ya maji. Hayo ni mahitaji ya vita. Meli ya kuwapeleka watu Inversnaid wakanywe chai haihusiki nayo, na hii ndiyo sababu Waswisi waliendelea kujenga meli za mvuke za magurudumu kwa ajili ya maziwa yao hadi miaka ya 1920: Rhône ya Ziwa Geneva ni ya 1927, Stadt Luzern ya Ziwa Lucerne ni ya 1928. Norway nako, kwenye ziwa Mjøsa, kuna Skibladner iliyoanza safari mwaka 1856.

"Gurudumu lenyewe ni mbao tu zilizopigiliwa kwenye duara la chuma."

Uongo, ingawa ukiliangalia kwa mbali ndivyo linavyoonekana. Fikiria ubao uliofungwa imara kwenye gurudumu. Ukiingia majini unaingia kwa ulalo, unayapiga maji kama kofi. Ukitoka, unayachota na kuyarusha juu. Nguvu inayobaki ya kusukuma meli ni ile ya katikati tu. Hivyo ndivyo gurudumu la Comet lilivyokuwa.

Kwenye gurudumu la Maid kila ubao umeshikwa na bawaba, na nyuma yake una mkono mfupi wa chuma. Mikono yote imeunganishwa kwa fimbo na kitovu cha pili, ambacho hakiko pamoja na kitovu cha gurudumu. Kimesogezwa mbele kidogo. Kwa kuwa vitovu viwili havilingani, gurudumu likizunguka kila fimbo inavuta au kusukuma ubao wake, na ubao unaingia majini ukiwa karibu wima, unapita chini ukiwa wima, unatoka ukiwa wima. Ni sawa na mvuvi anavyokunja kiwiko ili kafi lake lisirushe maji. Faida yake ni kwamba gurudumu dogo linaweza kufanya kazi ya kubwa, na abiria hawatetemeshwi. Hasara yake ni bawaba: ziko nyingi, zinakaa ndani ya maji, zote zinalika, zote zinataka kukaguliwa. Fundi wa meli ya magurudumu anaweza kumaliza majira ya baridi yote ndani ya lile sanduku la nusu duara akibadilisha bushi za bawaba.

Injini nayo inastahili maneno mawili. Ilitengenezwa na Rankin & Blackmore wa Greenock, ina silinda mbili zilizolala kwa mshazari. Mvuke ukishafanya kazi kwenye silinda ndogo hautupwi. Unaingia kwenye ile kubwa ukafanye kazi mara ya pili. Abiria walikuwa wakisimama sitahani na kuangalia chini wakaiona yote: vyuma vilivyong'arishwa vikienda na kurudi, kranki ikizunguka, fundi na kopo lake la mafuta. Kwenye meli ya rafadha injini imefukiwa tumboni na abiria haioni. Nadhani nusu ya mapenzi ya watu kwa meli za magurudumu inatokana na dirisha hilo.

"Hugeuka papo hapo: gurudumu moja mbele, jingine nyuma."

Uongo kwa Maid, na kwa meli nyingi za abiria za aina yake. Magurudumu yake mawili yako kwenye mhimili mmoja unaokatiza meli kutoka ubavu hadi ubavu. Likienda moja yanakwenda yote, likirudi nyuma yote yanarudi. Kugeuka ni kazi ya usukani.

Huu uongo una baba yake halali, lakini. Zilikuwepo meli ambazo kila gurudumu lilijitegemea, nazo ni zile za kuvutia meli kubwa bandarini, yaani matagi. Na hapa ndipo wanaosema gurudumu lilikufa na Victoria wanapopigwa butwaa: mwaka 1957 na 1958, miaka kadhaa baada ya Maid, jeshi la majini la Uingereza liliunda matagi saba mapya ya magurudumu, la kwanza likiitwa Director. Hayakutumia mvuke, yalikuwa na injini za dizeli za kuzalisha umeme, na kila gurudumu lilikuwa na mota yake. Kazi yao ilikuwa kuzisogeza manowari za kubebea ndege, ambazo sitaha yake imetokeza nje kama roshani. Tagi fupi, linaloingia chini ya roshani hiyo na kugeuka mahali finyu, ndilo walilolitaka, na gurudumu ndilo lililowapa.

"Magurudumu ya meli hukaa nyuma."

Inategemea umeona filamu gani. Ya Mississippi mengi yalikaa nyuma. Ya maziwa ya Ulaya hukaa ubavuni. Huku kwetu, Uganda ilikuwa na zile za nyuma: Speke, Stanley na Grant zilizofanya kazi kwenye Ziwa Kyoga, zikifikisha abiria na pamba Namasagali, mwisho wa reli ya kutoka Jinja iliyofunguliwa 1912. Kyoga ni ziwa la maji mafupi na mafunjo, na gurudumu la nyuma hupita penye upenyo ambao meli yenye mbavu pana haipiti. Huduma hiyo ilikufa maji yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960.

"Ilijengwa Glasgow, ikabomolewa, ikapelekwa ziwani kwa treni."

Kweli tupu. Kiwanda cha A. & J. Inglis kilikuwa Pointhouse, pale Mto Kelvin unapoingia Clyde, na ndicho kilichojenga Waverley, meli ya baharini ya magurudumu ambayo bado inabeba watu. Maid iliunganishwa hapo kwanza ili kuhakikisha kila kipande kinakaa mahali pake, kisha ikafunguliwa, vipande vikapakiwa kwenye mabehewa, na huko Balloch ikaungwa upya. Urefu wake ni futi 191, ukubwa tani 555.

Kwa nini wasiipeleke kwa maji? Loch Lomond linatoa maji yake kupitia mto Leven, unaoingia Clyde pale Dumbarton, lakini Leven ni mfupi, una mkondo mkali na maji haba. Mtangulizi wa Maid, Prince Edward, wa 1911, alijaribu njia hiyo akakwama mtoni na kusubiri maji yapande. Waliomkumbuka hawakutaka kurudia.

Meli za maziwa nyingi zina kisa cha namna hii. Liemba ilifika Dar es Salaam ndani ya maelfu ya makasha. Sir Walter Scott ilipandishwa Loch Lomond kwa matishari hadi Inversnaid, kisha vipande vikavutwa na farasi kupanda mlima hadi Katrine.

"Iliuawa na magari ya watu binafsi."

Nusu kweli, na nusu iliyobaki inanivutia zaidi.

Magari yalichukua abiria wengi, hilo halina ubishi. Barabara inapita ukingo wa magharibi wa ziwa, na familia iliyokuwa ikisubiri treni ya Balloch sasa ilibeba chakula chake kwenye buti ikasimama inapotaka. Lakini Maid haikuwa imejengwa isimame peke yake. Ilikuwa kiungo. Treni iliingia hadi gatini, kwenye stesheni ya Balloch Pier, kama ilivyokuwa Kisumu. Ukishuka Inversnaid ulipata gari la kukupeleka Katrine ukapande Sir Walter Scott. Ukishuka Tarbet ulitembea hadi Arrochar, ukapanda meli nyingine ya Loch Long, ukarudi kwa Clyde. Tiketi moja, safari nzima.

Mtandao kama huo haukatwi mara moja. Gati la Ardlui lilifungwa 1964, na ncha ya kaskazini ya ziwa ikapotea kwenye ratiba. Meli za Clyde zikapunguzwa, ile safari ya tiketi moja ikakosa mguu mmoja. Kila kilichokatwa kiliipunguzia Maid abiria, na kila hesabu ya mwisho wa msimu ikatumiwa kuhalalisha kukata zaidi. Tarehe 31 Agosti 1981 ilifanya safari yake ya mwisho ya ratiba. Stesheni ya Balloch Pier ikafuata miaka 5 baadaye. Ukiniuliza mimi, gari lilimjeruhi, ratiba ikammaliza.

"Ilizama, ikakatwa vyuma chakavu."

Uongo, ingawa ilikaribia. Baada ya 1981 iliuzwa kwa kampuni ya bia, ikapita mikono mingine, na kila mwenye nayo alikuwa na mipango mikubwa kuliko mfuko wake. Ikaoza gatini, vitu vikaibwa, vioo vikavunjwa. Mwaka 1992 halmashauri ya wilaya ya Dumbarton iliinunua, na katikati ya miaka ya 1990 ikaundwa kampuni ya hisani, Loch Lomond Steamship Company, ambayo wafanyakazi wake wengi ni wa kujitolea, ili kuifufua.

Chanzo cha uvumi wa kuzama ni jambo la kweli lililotokea Januari 2019. Kando ya gati la Balloch kuna chelezo cha reli na winchi ya mvuke, cha miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Kilifufuliwa na mwaka 2006 kikaitoa Maid majini. Januari 2019 ilikuwa ikipandishwa tena kwa matengenezo, na katikati ya kazi vyuma vya kuvutia vikaachia. Meli na kitoroli chake vikateleza kurudi ziwani. Picha zilienea siku hiyohiyo na wengi wakaamini imekwisha. Ilikuwa inaelea.

"Injini ya asili ilitolewa zamani, iliyopo ni ya maonyesho."

Uongo. Ni ileile ya Rankin & Blackmore. Kinachowatesa mafundi ni vipuri. Kiwanda cha Inglis kilifungwa 1962, na eneo lake leo lina Jumba la Makumbusho la Riverside. Watengeneza injini wa Greenock nao walifunga katika muongo huohuo. Hakuna duka wala namba ya kuagizia. Bushi ya bawaba ikilika, fundi anaitoa, anaipima ilipolika na isipolika, anakisia ilivyokuwa ikiwa mpya, kisha anachonga nyingine.